Masufuria Hayakutia Saini

Mwananyamala, Jumapili, 4 Machi 1951

Mvua bado. Mawingu yanakusanyika kila alasiri upande wa baharini, yanatutazama, kisha yanakwenda zake. Baba anasema masika ya mwaka huu yatakuwa makubwa kwa sababu siafu wamehamia jikoni. Mimi nasema siafu wamehamia jikoni kwa sababu shangazi anaacha sukari wazi.

Naanza kuandika kwa sababu nyumba hii ina wasemaji wengi na msikilizaji mmoja. Baba, Mzee Sadallah, ni mwenyekiti wa chama cha maziko cha hapa Mwananyamala. Ana pumu, lakini pumu haijawahi kumnyamazisha. Dada yake, shangazi Mwanabaraka, ndiye mkuu wa masufuria ya chama, yale ya kupikia matangani. Kaka yangu Marijani ni karani forodhani. Mimi Mwamvita nilirudi kwa Baba na sanduku langu baada ya talaka, na tangu hapo kila mwenye barua ya kuandikiwa huja kwangu. Chumba cha uani amepanga Mwalimu Kasimiri, Mngoni, Mkristo, mtu wa vitabu.

Jumatano, 7 Machi

Mwalimu Kasimiri ameazima kitabu cha historia ya Amerika na sasa hatuna raha. Leo alikuwa barazani akimhadithia Marijani jinsi makoloni kumi na matatu yalivyomkataa mfalme wa Waingereza. Alipofika hapo alitazama barabarani kwanza, akashusha sauti. Kisha akasema, "Walipokwisha kumtoa wakaulizana: sasa sisi ni nchi moja au nchi kumi na tatu?"

"Hilo wangeulizana kabla ya kumtoa!" Baba alijibu kutoka kitandani kwake, dirisha likiwa wazi.

Kumbe mwanzoni walifanya umoja wa kulegea. Makao makuu yaliweza kuomba michango tu. Kila koloni sasa likaitwa dola, na dola isiyotaka kutoa ilikunja mikono, hakuna wa kuifanya lolote. Marijani akajipiga paja. "Kama sie! Mwananyamala na jeneza lake la kamba, Kinondoni na lake, Ilala, Temeke, kila mtu na kamba yake. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema Baba.

Wangeendelea kwa methali mpaka magharibi, ila shangazi aliwaitia chakula.

Jumamosi, 10 Machi

Joto. Hakuna jambo.

Jumatano, 14 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimemkasirikia Baba.

Jana asubuhi alikuja bibi anayeuza maandazi karibu na kisima. Alfajiri amefiwa na mgeni nyumbani kwake. Marehemu anaitwa Athumani, mtu wa Liwale, mvunja mawe kule vilimani Wazo. Alikuwa anakwenda Temeke, ambako ndiko alikojiandikisha kwenye chama chao cha maziko. Homa ilimshika njiani, bibi akamhurumia, akampa mkeka.

Baba aliuliza kwanza kama marehemu ni mwanachama wetu. Si mwanachama. Akasema basi Temeke wapelekewe habari. Habari ikaenda Temeke kwa miguu na jibu likarudi jioni: wao kanuni yao ni kumzika anayefia Temeke. Mwenye maiti amzike.

Hivyo Athumani alilala kwa bibi wa maandazi mchana kutwa na usiku kucha, mvua ikivuja juu yake, na jeneza letu limening'inia chini ya upenu wetu. Niliona miguu ya jeneza kila nilipokwenda jikoni. Nilimwambia Baba tulitoe tu, hakuna atakayelalamika.

"Chama hiki kina watu wachache, Mwamvita. Tukimfungulia mmoja tutazika mji mzima, na siku yetu ikifika hatuna sanda. Mie nimewaahidi waliochanga. Sikumwahidi kila apitaye."

"Na kama ni Marijani aliyefia Temeke?"

Akaanza kukohoa, na mimi nikajua ni kikohozi cha kweli, lakini safari hii sikumletea maji.

Leo asubuhi wavunja mawe wenzake walikuja. Walifunga machela ya miti wakambeba wenyewe. Kiongozi wao, kijana mrefu wa Kimakua anayeitwa Albano, si Mwislamu hata kidogo, alipita mbele ya nyumba yetu akaliangalia jeneza pale upenuni. Akaendelea na mzigo wake. Nilitamani aseme neno.

Alhamisi, 15 Machi

Nimempelekea Baba maji.

Ijumaa, 23 Machi

Baada ya sala wamekutana barazani kwetu wajumbe wa vyama vinne, kuzungumza habari ya kuungana. Habari ya Athumani imewaaibisha wote. Mimi niliwekwa chumbani karibu na dirisha, niandike, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Shangazi alikaa nami akichambua mchele.

Ilala walianza. Wao ni wengi, basi wapate wajumbe wengi. Baba akasema mauti hayahesabu watu, kila mtaa uwe na sauti moja. Wakavutana hapo hapo mpaka kahawa ikapoa. Marijani akaomba Mwalimu Kasimiri aeleze Waamerika walifanyaje, maana nao walikuwa na dola kubwa na dola ndogo.

"Waliweka mabaraza mawili," akasema Mwalimu. "Moja kwa wingi wa watu. La pili kila dola sawa na mwenzake."

"Yaani waligombana mpaka wakajenga nyumba mbili za kugombania," alisema Baba, na hata Ilala wakacheka.

Kisha Baba akauliza swali ambalo sikulitazamia. "Nasikia huko kulikuwa na watumwa. Wao walihesabiwa wapi?"

Mwalimu alivua miwani. Akasema dola zenye watumwa wengi zilitaka wahesabiwe, ili zipate wajumbe zaidi, ingawa watumwa wenyewe hawakuruhusiwa kuchagua mtu. Wakapatana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Na waliopiga kelele sana kwamba dola ziachiwe mambo yake, wengi wao jambo walilotaka kuachiwa ndilo hilo.

Watu wakatazama vikombe vyao. Katika mji huu hakuna asiyejua bibi ya nani alinunuliwa na nani.

Shangazi akaninong'oneza, "Na sie tulioko dirishani, wangapi wanafanya mtu mmoja?" Nilijichoma kidole kwa nibu ya kalamu kwa kuzuia kicheko. Sasa ninapoandika sicheki. Mtaa nao unaweza kuwa mfalme mdogo, na Athumani ndiye aliyeujua ufalme wetu.

Jumatatu, 2 Aprili

Nimenakili katiba ya Muungano kwa wino mpya, herufi zimesimama vizuri. Muungano utamzika kila Mwislamu asiye na watu, popote alipofia. Hapo nilikaza mkono kwa furaha. Wajumbe watakuwa kwa wingi wa wanachama, na hapo Ilala wamepata walichotaka. Vyombo vyote vya vyama vitakuwa mali ya Muungano na kukaa katika ghala la Bwana Nazarali huko Ilala, ambaye amewapa pembe moja bure. Hakuna chombo kitakachotoka bila saini ya mwenyekiti na ya karani wa Muungano.

Hilo la saini ni la Marijani. "Bila hivyo kila mtaa utalificha jeneza lake siku ya mgeni," aliniambia, "na tutarudi kule kule." Niliona ana haki. Naona hivyo hata sasa.

Wanachama wetu wamepiga kura na Baba ameshindwa na watu wake mwenyewe. Alirudi kitandani, kile kitanda chake cha kamba alichochongewa alipooa, akageukia ukutani.

"Mmenishinda, haya. Lakini andika usia wangu, Mwamvita, maana mwandiko wako umekuwa mtamu siku hizi. Nikifa, nisibebwe na jeneza linaloombewa ruhusa Ilala."

"Baba, usiseme hivyo."

"Andika."

Sikuandika. Naandika hapa, ambapo hapana atakayenidai. Siku hizi pumu inambana mpaka midomo inabadilika rangi, na usia si mzaha kwa mtu wa namna hiyo. Akifa kabla hajaufuta, tutamtii Baba au tutatii katiba? Vyovyote, mwandiko utakuwa wangu.

Alhamisi, 5 Aprili

Mkokoteni umekuja. Jeneza limekwenda, mikeka imekwenda. Upenu unaonekana kama mdomo uliong'olewa jino. Walipoingia uani kuchukua masufuria walimkuta shangazi amekalia kubwa kuliko yote, amelifunika kifudifudi, anasuka ukili wa mkeka.

Marijani akamwambia kwa adabu, "Shangazi, katiba inasema vyombo vyote."

"Nani kaitia saini?"

"Wajumbe."

"Wanaume hao. Masufuria hayakutia saini. Yalinunuliwa na wanawake kwa pesa ya maandazi na vitumbua, hakuna mjumbe aliyekuja kuyauliza."

Mwenye mkokoteni alisubiri, akapewa ukoko, akala, akaenda zake. Baba alicheka mpaka tukamkalisha na kumpepea. Nilifurahi kumsikia, ingawa nilijua anamcheka nani.

Jumatatu, 9 Aprili

Mvua.

Jumatano, 11 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki, chumvi imekuwa maji.

Jumapili, 22 Aprili

Kinondoni amekufa mpagazi mmoja, kwao hakujulikani. Muungano umemzika siku ile ile na hakuna aliyeuliza ni wa nani. Nilikwenda kumwambia Baba kwa makusudi kabisa.

"Vizuri," akasema. Halafu, "Vizuri sana. Siku hiyo mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Aa."

Nikatoka kwa hasira. Mtu ameonyeshwa jema, anauliza habari ya mvua.

Jumamosi, 28 Aprili

Bonde la Jangwani, njia yetu ya mjini, limejaa maji. Marijani amelala Kariakoo kwa rafiki yake. Mwalimu Kasimiri alikaa na Baba akimsomea, akitafsiri polepole. Amefika mahali ambapo walioogopa serikali kuu yenye nguvu walisema: tutaingia, lakini kwanza yaandikwe mambo ambayo hamwezi kututenda. Baba alimwomba arudie. Akarudia.

"Hao niliwadhani wabishi tu," akasema Baba.

"Wengine walikuwa wabishi tu, Mzee."

"Hata hivyo."

Jumatatu, 7 Mei

Shangazi ana homa. Amekataa uji, anataka kujua kama masufuria yameanikwa.

Alhamisi, 10 Mei

Shangazi Mwanabaraka amefariki jana asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alinilea mimi tangu mama alipofariki. Sijui nianzie wapi, nitaandika kama yalivyokwenda.

Marijani aliondoka mara moja kwenda Ilala kuchukua jeneza. Jangwani hakupitiki, akazunguka kwa daraja la Selander, mvua yote ikimwishia mwilini. Alimkuta mwenyekiti wa Muungano, naye akatia saini huku akimpa pole. Karani wa Muungano hakuwepo. Alikuwa Temeke, na njia ya Temeke nayo imekatika. Mlinzi wa ghala akasema saini ni mbili.

"Ni shangazi yangu," Marijani akamwambia.

Yule mlinzi si mtu mbaya. Aliitoa katiba, iliyobandikwa nyuma ya mlango, akamwonyesha. "Bwana, maneno haya si yangu. Ni yenu."

Marijani alirudi adhuhuri, mikono mitupu. Alisimama uani akalia mbele za watu. Kinondoni hawakuwa na la kutuazima, lao nalo liko ghalani. Tulikwisha kumwosha shangazi na kumvika sanda. Kumweka mpaka kesho ni kule kule kumweka Athumani, na kila mmoja wetu alilifikiri hilo.

Baba alitoka chumbani ameshika ukuta.

"Toeni godoro langu."

"Baba, kitanda hicho kikitoka utalalia nini?"

"Toeni."

Wakakitoa kitanda cha kamba. Wakapinda fito juu yake kama inavyostahili maiti ya mwanamke, wakafunika kwa shuka. Lakini kitanda ni mvule mtupu, kizito, na barabara imekuwa tope la magotini. Wanaume wetu wengi wamezuiwa na maji upande wa mjini. Waliokuwepo walikuwa wazee na wagonjwa. Walikinyanyua, wakakitua. Wakanyanyua tena, mguu mmoja ukateleza, na sisi wanawake tukapiga kelele.

Hapo ndipo lori la mawe liliposimama barabarani. Bibi wa maandazi alikuwa amewapa habari asubuhi lilipopita. Wakashuka wavunja mawe wa Wazo, Albano mbele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akasema Baba. Akamtazama sana. "Nyie ni wale wa Athumani."

"Ndiyo sie."

"Mie niliwanyima jeneza."

"Ulitunyima," alisema Albano, bila ukali. "Na leo huna hata wewe, Mzee. Tushike wapi?"

Baba akaonyesha kwa kidole tu. Wakainama, Waislamu wao mbele na wengine nyuma, kitanda kikapanda juu ya mabega yao kama kitu chepesi. Mlangoni niliona Baba ameshika tendegu la kitanda chake mwenyewe, anatembea nalo kwenye tope. Hakuwa na pumzi za kufika makaburini. Marijani ananiambia alifika.

Sisi tulibaki kupika. Waliporudi walikuwa wamelowa na wana njaa, na yale masufuria yalikuwepo. Nilipakua wali huku nikilia, nikipakua nalia, sikujificha.

Jumapili, 13 Mei

Tumeanua matanga jana. Baba analala chini kwenye mkeka. Kitanda kimeoshwa, kimesimamishwa uani, mvua inakiosha tena.

Leo ameniita na wino. "Tunaitengeneza katiba. Andika. Moja. Maiti ni wa mahali alipofia. Mtaa wowote hauna ruhusa ya kumkataa, na ukimkataa, Muungano uuadhibu."

Nilisimamisha kalamu. "Baba, hiyo ni amri juu ya mitaa yote. Hata wetu."

"Hata wetu kwanza. Nguvu hiyo Muungano wapewe, nilikosea kuwanyima. Mbili. Jeneza na mikeka vikae kila mtaa, na wa kuvitoa ni mtaa wenyewe, bila saini ya mtu. Tatu. Jambo ambalo hatukuwapa Muungano kwa kulitaja, limebaki la mtaa."

Mwalimu Kasimiri alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee, hilo la tatu hata Waamerika waliliandika. Karibu neno kwa neno."

"Basi nao walizika mtu wakati wa masika," akasema Baba.

Nikauliza, "Na masufuria?"

"Hayo," akasema, "yaulizwe yenyewe."

Jumatano, 16 Mei

Mvua imepungua. Nimewauliza wanawake wa mtaa. Wamejibu wote kwa pamoja, sikuweza kuandika.

Jumapili, 27 Mei

Wajumbe wamekuja. Ilala walikataa la pili na la tatu. Wakasema huko ni kuubomoa Muungano kabla haujakauka. Niliogopa Baba atawatukana. Aliyesimama ni Marijani.

"Sheria ya saini niliitaka mie," akasema. "Nilitaka pasiwe na mtaa wa kumkataa mtu. Nikaisimamia mpaka ikamkataa shangazi yangu. Sisemi tuvunje. Nasema mkono wa kuamuru uwe Ilala na jeneza liwe karibu na maiti."

Walibishana mpaka alasiri. Mwishoni Kinondoni wakaja upande wetu, na Temeke, kwa ajili ya Athumani nadhani, wakafuata. Kanuni ya wajumbe kwa wingi wa watu imebaki vile vile. Hapo tumeshindwa tena. Wakaanza kutia saini.

"Bado upande wa masufuria," Baba akasema.

Mwenyekiti akashangaa. "Wanawake, Mzee?"

"Mlipokuja kuhani mlikula wali wa msiba wa dada yangu. Ulipikwa katika chombo ambacho Muungano ulikitaka ukakikosa. Angetii katiba yenu mngerudi na njaa."

Wakanong'onezana sana. Jibu lao: kura hapana, saini haya. Basi hatukufikia hata watatu kwa watano. Nilitaka kukataa kwa hasira. Kisha nikamkumbuka shangazi amekalia lile sufuria, nikaona yeye angechukua saini leo na kesho akadai kura. Karatasi ikapitishwa dirishani. Nikaandika chini ya majina yao: Mwamvita binti Sadallah, kwa niaba ya wanawake wenye masufuria ya Mwananyamala. Niliandika kwa haraka wasije wakageuka, na herufi si nzuri. Ni saini mbaya kuliko zote pale.

Jumanne, 5 Juni

Watu wanatazamia mwezi wa Ramadhani. Anga ni safi, siafu wamerudi kwao.

Mkokoteni umelirudisha jeneza. Baba alitoka kulipokea, akalishika tendegu, akalitikisa. Limelegea kwa unyevu wa ghalani.

Nilikuwa na neno kooni tangu Aprili. "Baba, ule usia wako. Sikuuandika."

"Najua hukuuandika. Ungekuwa umeuandika ningekuona usoni." Akaendelea kulitikisa jeneza. "Nikifa nibebeni na lolote lililo karibu, na yeyote aliye karibu. Lakini hili kamba zake zikazwe kwanza, mgeni wa watu asije akaanguka."

Nimekwenda kutafuta kamba.